Lori la Babu au Gari la Mayai

Tabor Creek, Nebraska
16 Julai

Kwa dada yangu Arlene,

Nakusalimu kwa mikono yenye vumbi la bati, kwa hiyo usishangae ukiona alama za vidole kwenye karatasi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Dwight, na kwamba joto la Arizona halijawakausha kabisa. Goti lako vipi? Ulisema daktari anataka kulipasua, nawe ukamwambia asubiri. Huku hatujambo. Mahindi yamekwisha kunipita kimo, mvua imenyesha ya kutosha, na Baba ameanza kula tena. Hilo la Baba kuanza kula lina hadithi yake, nitalifikia.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Nisikilize, dada. Kwenye simu wewe hufiki mwisho. Nikitaja jambo usilolipenda unasema kuna mtu mlangoni, na mimi nabaki nimeshika simu iliyokatika. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utakuwa umekwisha kuisoma.

Tena leo nina nafasi. Standa Pospichal, ninayefanya naye hii kazi ya gari, amenifukuza bandani. Tumepaka rangi ya kwanza asubuhi, nami kila baada ya muda naenda kuigusa kwa kidole kuona kama imekauka, mpaka akaniambia, "Georgine, hiyo ni rangi, si mkate wa jikoni. Nenda ndani ukatafute cha kufanya." Basi nimekuja jikoni, nimefua vitambaa, nimepanga makopo, nimezunguka meza mpaka nimechoka mwenyewe. Unanijua. Tangu nikiwa mtoto mimi ni kiguu na njia, na mwaka huu ndio nimezidi. Sasa nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friza.

Nianze na pikapu yangu. Nilikuambia kwamba kile kimbunga cha Mei kilikata mti wa jirani ukalala juu yake. Kabini ilibonyea ikawa kama sahani. Lakini Standa alipoingia chini yake na taa, alitoka anacheka. Chasisi ilikuwa haijapinda hata kidogo. Injini nzima, breki nzima, magurudumu mazima. Gari zima la chini, juu hakuna kitu. Kampuni ya bima ikanilipa na kuniachia mabaki, nami nikayaburuta mpaka bandani kwa Baba nisijue nitayafanyia nini.

Ukumbuke hali ya Baba. Kiharusi cha Machi kilimwondolea Kiingereza chote. Kimemwachia Kicheki kidogo cha utotoni kwake, neno moja hapa, jingine pale. Nesi anayekuja asubuhi ni mtu wa Kansas, anamwitikia "ndiyo, babu" kwa kila kitu. Mimi na Standa Kicheki chetu unakijua: tunaweza kuomba kabichi kali na maandazi ya mbegu nyeusi, tunaweza kutukana, na tunaweza kuimba nyimbo za dansi bila kujua tunaimba nini. Basi. Na Septemba shamba linakwenda kwa mmiliki mpya, vitu vinapigwa mnada, na Baba anahamia kwenye nyumba ya wazee mjini. Haya yote tulikubaliana, mimi na wewe, na silaumu mtu. Lakini kila siku alikuwa akitaka apelekwe bandani, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatazama yale magari mawili ya zamani.

Standa ndiye aliyelitoa wazo. Alisema tuna chasisi bila bodi, na pale ukutani kuna bodi mbili ambazo chasisi zake zimeoza. Tuchukue bodi moja tuiweke juu ya chasisi ya pikapu, Baba apande kwenye gwaride la Sikukuu ya Kicheki mwezi wa nane, akiwa kwenye kitu cha zamani chenye breki za kisasa na mkanda wa kumshika. Baba hajakosa gwaride hilo tangu arudi kutoka jeshini. Nilimweleza kwa mikono. Nililala chini nikaonyesha chasisi, nikaonyesha bodi inashuka kutoka juu, nikaunguruma kama injini. Baba akacheka mpaka akakohoa. Alielewa.

Sasa ndipo balaa lilipoanza. Bodi ipi?

Unazijua zote mbili, lakini acha niziseme, maana nimekaa nazo miezi hii kuliko nilivyokaa na mtu yeyote. Upande wa kushoto, lori la Babu la mwaka arobaini na saba, lenye boneti nene na macho yale mawili ya kushangaa, na mlangoni bado linasomeka "J. HRUSKA NA MWANA." Mwana ni Baba. Upande wa kulia, chini ya turubai, gari la Mama la mwaka hamsini na tatu, lile la mgongo uliofunikwa, alilokuwa akisambazia mayai kutoka hapa mpaka mji wa Crete. Na ndilo aliloondokea Jumamosi ile. Baba alilikuta limeegeshwa karibu na stesheni ya mabasi Omaha, makreti ya mayai matupu yamepangwa vizuri nyuma, akalirudisha, akalifunika turubai, na tangu hapo hakuna aliyelifunua.

Tulipima kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma tukitumaini tepu itatuamulia. Haikuamua. Zote mbili zinaikaa ile chasisi karibu sawasawa. Ukiondoa kukata sakafu na kutengeneza mashikio mapya, kazi ni ileile. Na ukishakata sakafu umekata. Ile nyingine inakwenda mnadani na majembe.

Kila mtu mjini akawa na neno. Ijumaa ya samaki pale ukumbi wa Sokol, chama chetu cha Wacheki, walinikalia kooni mpaka chakula kikapoa. Wale wa meza ya karata walitaka lori, wakasema gari la mgongo uliofunikwa litafanana na gari la maiti, na Lumir Hruska, baba yetu, bado yuko hai. Wake zao walitaka gari la mayai, wakasema lori la kilimo kila mtu analo. Bibi mmoja aliniambia nisiguse chochote, niwaachie watu wa makumbusho. Standa alitaka lori kwa sababu majaji wa gwaride wanayapenda malori, na Standa hajawahi kushinda hata utepe wa zawadi. Na wewe, dada, nilipokupigia, ulisema lori, na ulisema lile bati jingine lingepelekwa kusagwa siku nyingi. Kisha kukawa na mtu mlangoni.

Nikasema basi, aamue mwenyewe. Nikamsimamisha Baba katikati, gari huku na gari huku, nikamwuliza kwa vidole: hili, au hili? Hakutazama kidole changu. Alisema neno moja, taratibu, kama mtu anayechagua kitu dukani.

"Stará."

Hilo neno tunalijua hata sisi. Ni kuukuu, ni zee. Nikamwangalia Standa, Standa akaniangalia. Lililo kuukuu zaidi ni lori. Nilifurahi, sitakuficha, kwa sababu jibu la Baba lilikuwa lako pia, na mimi nimechoka kuwa katikati. Siku hiyohiyo tukafungua bolti.

Lakini tangu hapo Baba hakutulia. Tulinyanyua kabini ya lori kwa mnyororo, naye anagonga fimbo sakafuni: stará, stará. Nikamwambia ndiyo, Baba, ndiyo hii tunaitengeneza. Nilidhani anatuhimiza. Nikaacha kulala mchana, nikawa natoka kazini kuchomelea matangi ya watu na kuja hapa kuchomelea ya kwetu. Niliung'oa ule mlango wenye jina nikauweka magotini kwake, nikidhani utamfariji. Aliusukuma ukaanguka. Akaacha kula nyama. Akaacha kula maandazi. Nesi akasema huenda ni kiharusi kingine kinakuja. Jioni nilikuwa natembea kutoka bandani mpaka barabarani na kurudi, natafuta nilipokosea, nahesabu bolti kichwani, nikifikiri labda hasira yake ni kwamba tumeliharibu lori la baba yake. Nilijisikia vibaya, Arlene. Nilikuwa namfanyia kitu cha mwisho cha maana, naye anakonda mbele ya macho yangu.

Wiki ya mwisho ya Juni nilipata mtu wa kununua gari la mayai. Alikuja na trela. Tulipovua turubai, Baba alinyanyuka bila fimbo. Akaufikia mlango, akauvuta, akajitupa kitini, upande wa dereva, akashika usukani kwa mkono ule ulio mzima. Tukambembeleza, hataki. Yule mnunuzi alikuwa mtu mstaarabu, alikaa kwenye bampa ya trela yake akala kipande cha keki nilichompa, halafu akasema atakuja siku nyingine. Baba alikaa mle ndani mpaka wakati wa kukamua ng'ombe, kama tungekuwa bado na ng'ombe, na neno lake lilikuwa lilelile. Stará.

Standa akasema mzee amechanganyikiwa, hajui tena gari gani lilitangulia. Nami nikakaribia kukubali. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonibana: kadi ya lile gari ina jina la Mama. Nikitaka kuliuza lazima atie sahihi. Kadi za Krismasi anazotuletea wewe huzitupa na mimi huzijibu, unajua, sijawahi kukuficha. Lakini kumpigia simu nilikuwa sijampigia tangu alipoumwa mapafu. Nilipiga.

Nilimweleza habari ya sahihi. Alikuwa mkavu, kama anavyokuwa, akasema tuma hizo karatasi, nitatia. Kisha akauliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia hali chakula, hajui anachotaka, tumemtengenezea lori aliloomba naye analichukia, kutwa anaimba neno moja. Akauliza neno gani. Nikamwambia.

Akaniambia nilitamke tena, na nitamke mwisho wake vizuri. Nikatamka. Akauliza kama nina hakika halikuishia vinginevyo. Nikamwambia nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu. Hapo akaanza kunifundisha kwa ukali, kama zamani akitufundisha kukagua mayai mbele ya taa. Akasema katika Kicheki hata vitu vina ume na uke, lori ni dume na stará husemwa kwa jike tu, na hakuna Mcheki, hata awe amelewa kiasi gani, atakayeliita lori stará. Nikasema basi ni lile gari lako la mayai. Akasema hilo baba yako aliliita "mayai" tu, siku zote, mayai yamewashwa, mayai hayana mafuta.

"Stará si gari, mtoto wangu," akasema. "Stará ni mke. Bibi wa nyumbani, mama watoto. Miaka ishirini na sita hakuniita Blanche hata siku moja. Stará, kahawa iko wapi. Stará, mvua inakuja. Baba yako anamwita mkewe, na wewe unamletea lori."

Niliketi sakafuni, dada. Pale pale bandani, juu ya mafuta. Nikayakumbuka yote kwa mara moja, sauti yake akiingia na buti mlangoni na lile neno likitangulia. Hata wewe ulilisikia kila siku. Tulikua ndani ya neno hilo na hatukulijua. Nilicheka, kisha sikucheka. Mtu amekuwa akiomba kitu kimoja tangu Mei, nasi tunamwonyesha bati.

Sasa shika kiti. Nilimuuliza kama atakuja. Nilijua atasema hapana, nilikuwa nimeandaa na la kumjibu. Akasema mabasi ya Jumapili hayafiki Tabor Creek, nikamfuate. Niliazima gari la Standa, nikaenda Omaha, nikamkuta amesimama nje na sanduku dogo, amevaa koti wakati jua linawaka. Ni mfupi kuliko ninavyomkumbuka. Njiani hakusema mengi, alinisahihisha tu uendeshaji.

Mama yuko hapa, Arlene. Amefikisha wiki mbili. Analala chumbani kwako kwa sababu changu kimejaa vipuri.

Usiichane bado.

Nataka ujue walivyokutana, maana hakuna aliyekuwepo ila mimi na Standa, na Standa alijitia kutafuta spana. Baba alikuwa juu ya ndoo yake. Mama alikwenda akasimama mbele yake, hakumgusa. Wakatazamana kama watu wanaokagua mali. Kisha Baba akasema sentensi nzima ya Kicheki, ya kwanza tangu Machi, nami sikuielewa. Mama akamjibu kwa neno moja. Akachukua ndoo nyingine, akaigeuza, akakaa. Baadaye nilimwuliza walisema nini. Akasema Baba ameuliza kama kuku wamefungiwa, naye amemwambia wamefungiwa.

Kuku tuliwamaliza zamani, unajua. Lakini jioni ile Baba alikula bata, akala na viazi, akamwonyesha Mama kwa kidole aongezwe mchuzi.

Kuhusu kuondoka kwake amenieleza kidogo tu, wakati tunamenya viazi. Amesema hakukuwa na mwanamume mwingine, watu waache. Alimaliza mayai siku ile, akageuza gari, na alipofika njia panda mikono ikakataa kukata kona ya kuja nyumbani. Akaenda moja kwa moja. Alikuwa anakusudia kurudi Jumatatu, na Jumatatu ikawa ngumu kuliko Jumamosi, na kila siku ikazidi. Kuhusu harusi yako hakujitetea. Nilimtajia mimi, kwa makusudi, nikamwambia ulitembea kanisani na shangazi Libby ameshika pindo lako, wiki tatu baada ya yeye kuondoka. Aliacha kisu. Akasema hilo ni la kwako na lake, na kama unataka kulisikia atakuambia usoni, na kama hutaki atakaa nalo kama alivyokaa nalo. Sikumbembeleza. Nilimkasirikia pia, kidogo, nilipoona anavyojua bado sufuria zote zilipo.

Sasa gari. Maana chasisi bado ilikuwa pale, gwaride liko karibu, na mimi nilikuwa na bodi mbili zisizokatwa na jibu ambalo halikuwa jibu. Nilitaka Mama achague. Akakataa katakata gari la mayai. Akasema hatapitishwa barabara kuu ndani ya bati alilotorokea, watu wamnyooshee vidole, na wewe ukasirike zaidi. Weka lori la Babu, akasema, Arlene analitaka, na mimi nitakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya barabara kama watu wengine. Standa akadakia, amen, lori. Nikachukua chaki nikachora mstari wa kukata kwenye sakafu ya lori. Nilikuwa nimechoka kuzunguka. Nilitaka kusikia grinda ya kukatia bati ikilia tu, nijue jambo limeanza na haliwezi kurudi.

Lakini sikuweza kukata bila kumwuliza tena mwenyewe. Jumapili baada ya misa tulikuwa mezani, mimi, yeye na Mama. Nikaweka mbele yake picha mbili, lori na gari la mayai. Nikasema polepole, Baba, stará amekuja, yuko hapa, tumeelewa. Sasa niambie, kwenye gwaride, ipi?

Alimtazama Mama. Akatazama picha, akazisogeza pembeni kwa upande wa mkono kama anafuta makombo, zote mbili. Akaangalia kile kiti cha karibu na dirisha. Kisha akasema:

"Velká."

Kubwa. Hilo nalo nalijua. Na lililo kubwa kati ya yale mawili ni gari la mayai, kwa ule mgongo wake. Nikasukuma kiti, nikawa nimekwisha kusimama, nafikiria grinda iko wapi na kwamba Standa atanuna. Mama akanishika mkono wa shati.

"Kaa chini, Malá," akasema. "Hazungumzii gari."

Nilikaa. Mama hakuhitaji hata kunifafanulia safari hii. Malá ni mimi, mdogo, mpaka leo, pamoja na kiuno changu hiki. Na Velká ni nani katika nyumba hii, dada? Nani alikuwa akiitwa hivyo kutoka mlangoni, aje kushika tochi, aje kufungua geti, aje aone ndama? Kile kiti cha dirishani kilikuwa cha nani?

Anakutaka wewe. Amempata mmoja, sasa anamwita wa pili. Hajali hata kidogo tunampakia ndani ya bati gani, na nadhani hajawahi kujali. Ni sisi tuliofikiri swali ni la magari.

Basi nikafanya hesabu yangu, na ilikuwa fupi. Kabini ya lori la Babu ina kiti kimoja cha watu watatu. Mimi kwenye usukani, Baba katikati, na mlangoni mtu mmoja. Mmoja tu. Ningekata lori, ningekuwa nimekata pia nani apande na nani abaki kando ya barabara na kiti cha kukunja, wewe au Mama. Na nakujua, ungempisha kwa kiburi, naye angekupisha kwa kiburi, na Baba angepita barabara nzima na nafasi wazi ubavuni kwake akigonga fimbo.

Kwa hiyo Jumapili ileile nimekata sakafu ya gari la mayai. Sikumwuliza Standa, wala Mama, na samahani, wala wewe. Nilikata kwa mkono wangu mpaka mwisho. Limekwisha kukaa juu ya chasisi, bolti zimekazwa, na rangi ninayoisubiri ikauke ni yake. Standa alinuna siku nzima, kisha akaja na mbao. Nyuma, pale makreti yalipokuwa, tumeweka benchi lenye mito, na tumefunga mikanda miwili kwenye chuma. Mmoja ni wa Mama. Amelalamika kwamba hataonekana vizuri dirishani, halafu akasema labda ni afadhali.

Ule mkanda wa pili hatujaurekebisha urefu, kwa sababu hatujui sasa hivi una kiuno gani.

Lori lako halijaguswa na grinda. Nimefuta ule mstari wa chaki. Ukilitaka, useme kabla ya mnada, na mlango wenye jina la Babu nimeurudishia mahali pake. Huwezi kusema nimekunyang'anya. Unaweza kusema nimekulazimisha kukaa benchi moja na mtu usiyemtaka, na hilo ni kweli, na nitalisikiliza lote utakaponitukania, lakini uje unitukanie hapa. Gwaride ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa nane mchana, tunaanzia kwenye ghala la nafaka. Dwight si lazima avae vazi la Kicheki. Wewe goti likikuuma utapandishwa na Standa, ameahidi, na amenunua fulana mpya kwa ajili hiyo.

Mpe Dwight salamu zangu. Wasalimie watoto na yule mbwa wenu mwenye jicho moja. Hapa Standa anakusalimu, na anakuuliza kama bado unaringa. Mama hajatuma salamu. Amepita hapa jikoni sasa hivi, ameona ninaandika, ameuliza ni kwa nani, na nilipomwambia amesimama kidogo akafuta kona ya friza ambayo ilikuwa safi, kisha ametoka kumpelekea Baba kahawa. Namsikia Baba bandani akiita. Hamwiti Mama.

Nakwenda kugusa rangi.

Mdogo wako wa kuzaliwa naye,
Malá